Pima neva kabla ya kufunga P.O.P: ukaguzi wa mkono ulioumia, hatua kwa hatua

Majeruhi wa bodaboda akifika mapokezi na mkono uliopinda, wote tunakimbilia mfupa. Eksirei inapigwa, mfupa unavutwa, P.O.P (plasta ngumu) inafungwa, mgonjwa anaruhusiwa. Kesho yake anarudi, vidole havinyanyuki. Sasa nani atasema neva (mshipa wa fahamu) iliumia pale barabarani, wakati wa kuvuta, au inabanwa na plasta yako? Eksirei haioneshi neva. Inayoionesha ni mikono yako, na kazi yenyewe haizidi dakika tano.

Nawaandikia matabibu, wauguzi na wanafunzi walio kwenye mazoezi ya vitendo. Vifaa ni kalamu, karatasi na kipande cha pamba.

Hatua ya 1: Jua neva inapita wapi

Mishipa ya fahamu ya mkono inatoka kwenye mizizi mitano: minne ya chini ya shingo, C5 hadi C8, na wa kwanza wa kifua, T1. Inapita katikati ya misuli ya shingo, juu ya ubavu wa kwanza, chini ya mtulinga, mpaka kwapani. Njiani inaungana na kugawanyika kwa namna inayowatoa jasho wanafunzi kila mwaka. Mchoro wa matawi hayo una siku yake, na siku hiyo ni ya mtihani. Zamu ya usiku inakutaka ujue kila neva imekaribiana na mfupa au ngozi mahali gani, kwa sababu hapo ndipo inapoumia.

Neva ya aksilari inazunguka shingo ya humerasi, mfupa wa mkono wa juu, chini kidogo ya bega. Ya radiali imeulalia mfupa huohuo kwa nyuma, katikati ya mkono wa juu. Ya ulnari inapita nyuma ya nundu ya ndani ya kiwiko. Ndiyo ile ukijigonga kwenye meza unapata shoti mpaka kidole kidogo. Ya mediani inapita mbele ya kiwiko, kisha inaingia kiganjani kupitia njia nyembamba iliyojaa kano. Ya tano, maskulokyutania, inahudumia misuli ya mbele ya mkono wa juu na ngozi ya upande wa nje wa kigasha. Ni nadra kuumia peke yake.

Hatua ya 2: Uliza kabla hujagusa

Ganzi ilianza lini: palepale alipoanguka, au baada ya mtu kuuvuta mkono? Kama ni jeraha, amekatwa na nini? Panga na kioo vinakata neva moja kwa moja. Kishindo huivuta au kuiponda. Hata asiyeanguka muulize. Kuna anayelewa akalala mkono umening'inia kwenye mgongo wa kiti, kuna anayeegemea magongo kwa kwapa badala ya viganja, na kuna aliyechomwa sindano mahali pasipofaa. Wote hao wanaweza kuja na kiganja kilicholegea.

Hatua ya 3: Kidole gumba kinakupa neva tatu

*Radiali.* Laza kiganja cha mgonjwa mezani, kikiangalia chini. Mwambie anyanyue gumba peke yake kutoka kwenye meza. Kisha shikilia kigasha, mwambie ainue kiganja kizima. Hapa kuna mtego. Mwenye neva ya radiali iliyokufa bado anaweza kunyoosha viungo vya katikati vya vidole, kwa kuwa kazi hiyo inasaidiwa na misuli midogo ya kiganjani inayohudumiwa na ulnari. Ukiona vinanyooka usiandike "nzima". Tazama pale vidole vinapoanzia, kwenye vifundo vya ngumi: vinainuka au havijainuka?

*Mediani.* Geuza kiganja kiangalie juu. Mwambie aelekeze gumba darini, wewe ukilisukuma kurudi chini kwa kidole chako. Kwa mkono wa pili bonyeza mnofu wa chini ya gumba. Mnofu usipokaza, mediani ina tatizo, hata kama gumba linajongea.

*Ulnari.* Mpe karatasi aibane kati ya gumba na ubavu wa kidole cha shahada, kisha ivute taratibu. Mzima anaibana gumba likiwa limenyooka. Mwenye ulnari iliyoumia anakunja kiungo cha ncha ya gumba ili karatasi isimponyoke, maana anaazima msuli wa mediani. Mfaransa Jules Froment alieleza dalili hii mwaka 1915, na bado sijaona kipimo cha bei nafuu kuishinda. Fanya mikono yote miwili kwa pamoja. Tofauti utaiona mwenyewe.

Hatua ya 4: Gusa mahali panne

Mgonjwa afumbe macho. Gusa kwa pamba ncha ya kidole cha shahada, hiyo ni mediani. Ncha ya kidole kidogo ni ulnari. Ngozi ya nyuma ya kiganja, kati ya gumba na shahada, ni radiali. Ngozi ya nje ya bega, pale askari anaposhona beji, ni aksilari. Linganisha kila mara na upande mzima.

Mlevi, mtoto, au aliyepoteza fahamu hatakujibu. Tumia jasho. Neva ikikatika, ngozi yake haitoi jasho tena. Pitisha ubavu wa kalamu ya plastiki juu ya vidole: kwenye ngozi nzima inakwamakwama kidogo, kwenye iliyokatikiwa neva inateleza tu. Kama ngozi haina jeraha, njia nyingine ni kuloweka vidole kwenye maji ya uvuguvugu kwa nusu saa. Ngozi ya kidole kilichokosa neva haikunjamani.

Mtoto aliyeanguka kutoka mwembeni na kuvunjika juu ya kiwiko apimwe kwa mchezo. Afanye ngumi (mediani), karatasi, vidole vyote vikinyooka (radiali), mkasi, vidole viwili vikiachana (ulnari), halafu duara kwa ncha ya gumba na ya shahada. Duara usiliruke hata kidogo. Likitoka bapa, viungo vya ncha vikikataa kujikunja, tawi la mbele la mediani limeumia. Tawi hilo halihudumii ngozi, kwa hiyo mtoto hatalalamika ganzi na pamba yako haitakuambia kitu. Ukimaliza, shika mapigo ya damu kwenye kifundo cha mkono.

Hatua ya 5: Soma ulichokiona

Bega likichomoka, fikiria aksilari. Hawezi kuinua mkono kwa maumivu, hivyo usimlazimishe: weka vidole vyako juu ya msuli wa bega, mwambie asukume kiwiko nje kidogo tu, usikilizie kama msuli unakaza.

Kiganja kikining'inia, tafuta ni wapi radiali imeguswa. Mvunjiko wa katikati ya humerasi kwa kawaida unauacha msuli wa kunyoosha kiwiko ukiwa mzima, kwa kuwa matawi yake yametoka juu zaidi. Kama kiwiko nacho hakinyooki, panda kwapani.

Mkono mzima ukilala pembeni, umegeukia ndani, kiwiko kimenyooka na kiganja kinaangalia nyuma, shida ni mizizi ya C5 na C6. Unaiona kwa kichanga aliyekwama bega wakati wa kuzaliwa, na kwa dereva wa bodaboda aliyeangukia bega kichwa kikaenda upande wa pili. Mtazame na macho. Kope iliyoshuka na mboni iliyosinyaa upande huohuo ina maana T1 imeng'oka karibu na uti wa mgongo. Huyo apelekwe hospitali kubwa mapema.

Na akija asiye na ajali yoyote, vidole viwili vya mwisho vimekunjamana kama kucha za mwewe, ipapase ulnari nyuma ya kiwiko. Ikiwa nene, tafuta baka lisilohisi kwenye ngozi. Ukoma bado tunao, na dawa zake ni bure.

Hatua ya 6: Andika, tibu, pima tena, andika tena

Andika kila neva kwa jina, na saa. "Mkono uko sawa" haisaidii kitu. Neva iliyokuwa nzima kabla ya kuvuta mfupa ikikataa baada ya kuvuta, fungua plasta na mwite daktari wa upasuaji saa hiyohiyo.

Jeraha la panga au kioo lenye ganzi mbele yake lihesabu kuwa neva imekatika hadi mtu aione kwa macho. Kushona ngozi na kumruhusu ni kumpotezea mgonjwa muda wake bora wa kuungwa.

Mvunjiko uliofungika, ngozi haikupasuka, ni habari nyingine. Daktari wa upasuaji Mwingereza, Herbert Seddon, mwaka 1943 alizigawa neva zilizoumia katika makundi matatu: iliyosimama kazi tu, iliyokatika nyuzi za ndani huku ganda likibaki, na iliyokatika kabisa. Radiali nyingi za mvunjiko wa humerasi ziko katika makundi mawili ya kwanza, na hurudi zenyewe. Nyuzi huota takribani milimita 1 kwa siku. Kama kutoka kwenye mvunjiko hadi msuli wa kwanza ni sentimita 10, ni zaidi ya miezi mitatu. Kipimo cha umeme cha neva nacho usikiombe kabla ya wiki tatu, majibu yatakupoteza. Ila kungoja kuna mwisho: msuli uliokaa mwaka mmoja na nusu bila neva ni vigumu kuufufua, hivyo miezi minne ikipita kimya, toa rufaa.

Wakati huo kiganja kikae kwenye banzi kikiwa kimeinuliwa, na vidole vikunjwe na kunyooshwa kila siku kwa mkono wake usioumia. Mwonye kuhusu sufuria ya moto na pasi. Ngozi yenye ganzi inaungua mwenyewe akipiga soga.

Akirudi kliniki, usianze na vidole. Mwambie akunje kiwiko gumba likiwa juu, kama anayeinua kikombe, wewe ukimzuia, na upapase ukingo wa juu wa kigasha. Msuli ule ndio wa kwanza kupata neva. Ukikaza hata kidogo tu, vidole mpe muda.