Jinsi ya kuhakiki mchezo wa jukwaani Nairobi

Nunua tiketi yako mwenyewe. Naanza hapo kwa sababu jamii ya maigizo Nairobi ni ndogo. Ukihudhuria kwa mwaka mmoja utajuana na waelekezi karibu wote, na siku moja mmoja wao atakuingiza bure na kukununulia soda. Ukikubali, wasomaji wako waambie katika uhakiki wenyewe.

Fika nusu saa kabla. Nikienda Kenya National Theatre, pale Harry Thuku Road, husimama kwanza nje nikaangalia nani amekuja: wanafunzi wa chuo kikuu wanaotoka ng'ambo tu ya barabara, akina mama wa kanisa waliokuja kumwona mtoto wao akiigiza, au wapenzi wanaotafuta kicheko cha Ijumaa. Hao ni nusu ya mchezo, na nitaeleza kwa nini.

Chagua kiti kwa makusudi. Miaka kadhaa iliyopita niliandika kwamba mwigizaji mmoja alikuwa hasikiki. Nilikuwa nimeketi nyuma kabisa, karibu na mlango uliokuwa ukifunguliwa kila dakika. Kesho yake nikarudi, nikakaa katikati, na kila neno lake likanifikia. Nilichapisha masahihisho na kumwomba radhi. Tangu hapo huketi katikati, safu ya tano au ya sita, na nikilalamika kuhusu sauti nasema pia nilikuwa nimekaa wapi.

Zima simu kabisa. Mwanga wake unamulika uso wako na mwigizaji anauona. Tumia daftari dogo na penseli, andika gizani kwa herufi kubwa, maneno matano hivi kwa ukurasa, bila kuinamisha kichwa. Usiandike "ameigiza vizuri". Kesho maneno hayo hayatakukumbusha chochote. Andika kilichotendeka: "anakunja leso mara nne, ndipo anajibu." Ukiwa na vitu kumi vya namna hiyo, uhakiki wako umeshapata mwili, na hukumu itatoka humo yenyewe.

Sasa turudi kwa watazamaji. Watazamaji wa Nairobi hujibu. Humwonya mhusika, humzomea mume mlaghai, humalizia methali kabla ya mwigizaji. Andika walicheka wapi, na zaidi ya hapo, walinyamaza wapi. Sikiliza lugha pia: sentensi ya Kiingereza inaweza kupita kimya, kisha wazo lilelile likirudi kwa Sheng, lugha ya mitaani ya vijana, ukumbi mzima unalipuka. Mhakiki anayesema tu kwamba mchezo "ulichanganya lugha" hajafanya kazi. Nani alizungumza lugha gani, na nani, na ukumbi ulifanya nini?

Nalikazania hili kwa sababu ya historia ya jukwaa la Kenya National Theatre. Lilifunguliwa mwaka 1952, enzi ya mkoloni. Mwaka 1976 ulichezwa hapo mchezo wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Mũgo kuhusu Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, na watazamaji wakajiunga na waigizaji katika ngoma ya mwisho wakatoka nao hadi nje ya ukumbi. Kitabu cha mchezo unaweza kukinunua leo, lakini jioni ile huikuti ndani yake. Tunaijua kwa kuwa waliokuwepo waliisimulia na kuiandika. Kwa hiyo andika tarehe, ukumbi, na kama ulitazama onyesho la kwanza au la mwisho. Stima zikipotea na waigizaji wakaendelea kwa tochi za simu za watazamaji, kama nilivyoona katika ukumbi mmoja wa mtaani, hiyo ni sehemu ya uhakiki.

Taa zikiwaka, usikimbie. Karatasi ya majina ya wahusika mara nyingi haipo, au ina makosa. Mtafute meneja wa jukwaa, umwombe majina yaliyoandikwa sawasawa, pamoja na ya fundi wa taa na mshonaji wa maleba, watu ambao hawatajwi karibu kamwe. Lakini usiulize rafiki yako ameuonaje mchezo. Maoni yake yatayameza yako kabla hujafika steji ya matatu.

Mimi huandika aya ya kwanza usiku huohuo, ndani ya matatu kutoka Odeon, penseli ikirukaruka. Michezo mingi huchezwa wikendi moja tu. Uhakiki wa Jumatatu haumsaidii aliyetaka kununua tiketi ya Jumapili. Anza na tukio moja uliloliona, kisha utoe hadithi kwa sentensi mbili au tatu, bila kufichua mwisho. Halafu sema ukweli. Kundi la vijana lililokodi ukumbi kwa akiba yake linastahili kuambiwa kwamba sehemu ya pili ilirefuka na mabadiliko ya mandhari yalichukua muda hadi watu wakaanza kuongea. Wanaweza kuyarekebisha kufikia kesho. Umbo la mwigizaji, unene au wembamba wake, usiliguse.

Kama nauli inatosha, rudi Jumapili utazame tena, na ongeza mstari mmoja chini ya uhakiki kuhusu kilichobadilika.