Somo: Kuonja Aglianico ya kusini mwa Italia na chakula chake

Leo ni zamu ya Aglianico, mvinyo mwekundu wa Campania na Basilicata. Ni mkali. Ukiunywa mtupu, haraka haraka, utakunja uso na kulaumu duka. Huu ni mvinyo wa mezani, penye nyama.

1. Soma lebo. Taurasi ni Aglianico ya Campania, hutoka milima ya mkoa wa Avellino, na kwa sheria huwekwa miaka 3 kabla ya kuuzwa, angalau mmoja ndani ya pipa la mbao. Yenye neno Riserva kwenye lebo huwekwa miaka 4. Aglianico del Vulture ni ya Basilicata, kwenye miteremko ya Vulture, volkano iliyozimika. Mwanafunzi mgeni ningemwanzisha na Vulture.

2. Ipe hewa. Chupa changa imimine kwenye jagi pana saa moja au mbili kabla. Kuzibua tu na kuiacha hakusaidii, shingo ya chupa ni nyembamba mno. Nyuzijoto 16 hadi 18 zinatosha. Wa pwani, pitisheni kwanza kwenye friji.

3. Tazama, nusa. Changa huwa na wekundu uliokolea, ya zamani huvuta rangi ya tofali ukingoni. Puani utapata cheri nyeusi na plamu, baadaye ngozi, tumbaku, moshi. Usipozipata zote, usijilazimishe.

4. Onja mara mbili. Hapa msiruke. Piga funda dogo, lizungushe mdomoni, umeze. Utasikia uchachu unaotoa mate, halafu ukakasi unaokausha fizi, ule ule wa bibo la korosho. Zabibu za Aglianico huchelewa kuiva, huvunwa Oktoba hata Novemba, tena milimani kwenye usiku wa baridi, ndiyo maana uchachu haupotei. Sasa kula kipande cha mwanakondoo wa kuoka, chenye mafuta na chumvi, kisha onja tena. Tanini, yaani vitu vya ganda na mbegu za zabibu vinavyoleta ukakasi huo, hupenda kushika protini: zikikosa ya chakula hushika ya mate yako, mdomo ukakauka. Funda la pili litateremka laini, na ladha ya tunda itajitokeza.

5. Panga chakula. Wenyeji hula na mwanakondoo, soseji za lucanica, pasta yenye ragù, mchuzi wa nyama uliochemka taratibu kwa saa nyingi, au jibini ya pecorino, ya maziwa ya kondoo, iliyokomaa. Samaki wa mafuta mengi achaneni naye, mtabaki na ladha ya chuma mdomoni.

MASWALI

Mkuu, mbuzi wa kuchoma je?
Anafaa sana, hasa mbavu. Chumvi na ndimu vinatosha. Pilipili kali iwekwe mbali: pombe itaunguza zaidi na ukakasi utazidi.

Mwalimu, chini ya chupa yangu kuna kama tope. Imeharibika?
Hapana, ni mashapo, kawaida kwa chupa ya miaka mingi. Isimamishe tangu jana yake, mimina polepole, funda la mwisho liache humo.

Sisi hatuli nyama. Tuiache?
Msiiache. Okeni biringanya kwa nyanya na jibini, kama wanavyofanya huko huko Campania. Uyoga wa kukaanga nao unafaa.

Ikibaki nusu chupa?
Rudishia kizibo, weka friji, itoe mapema kabla ya kunywa. Ikiwa changa, mara nyingi kesho yake mimi huipenda zaidi.