Kitambua moshi chenye amerisiamu: pa kukifunga, namna ya kukijaribu, lini kukitoa

Sayansi ya nyuklia inalala nasi chumba kimoja, pale darini. Vitambua moshi vya aina ya ayoni hubeba amerisiamu-241, elementi ambayo Glenn Seaborg na wenzake waliitengeneza mwaka 1944 huko Chicago, wakati wa utafiti wa bomu la atomu. Geuza kifaa chako usome mgongo wake. Ukikuta Am-241 na kipimo cha mionzi kama 37 kBq au 1 µCi, ndicho hicho. Kama hakuna, huenda ni cha aina ya mwanga, ambacho hakitumii mionzi.

Kilichomo ni kidogo mno: sehemu tatu hivi za gramu moja iliyogawanywa mara milioni kumi, imefungwa kwenye karatasi nyembamba ya metali. Kila sekunde atomu zipatazo 37,000 humeguka na kurusha chembe za alfa. Chembe hizo huipa hewa iliyo kati ya vibamba viwili chaji, na mkondo mdogo wa umeme ukapita. Moshi ukiingia, ayoni, yaani hizo chembe za hewa zenye chaji, hunata kwenye chembe za moshi, mkondo hupungua, king'ora kinalia.

Mahali pa kukifunga ndipo wengi wanapokosea. Moshi wa moto hupanda, kwa hiyo kifunge darini, angalau sentimita 10 kutoka ukutani, kwa sababu hewa ya pembeni hutulia na moshi huchelewa kufika. Ikibidi ukutani, kiwe sentimita 10 hadi 30 chini ya dari. Weka kimoja ndani ya kila chumba cha kulala, kimoja nje ya vyumba hivyo, na angalau kimoja kila ghorofa. Kifaa kiwe mita 3 au zaidi kutoka kwenye jiko, na mbali na mlango wa bafu, feni na matundu ya kiyoyozi. Mafuta yanapopata moto sana hutoa chembe ndogo zisizoonekana kwa macho, na aina ya ayoni huzinusa upesi kuliko ya mwanga. Hapo king'ora hulia wakati wa kupika, na watu huchomoa betri kwa hasira. Usifanye hivyo kamwe! Bonyeza kitufe cha kunyamazisha kama kipo, fungua madirisha, na kikizidi kusumbua, kihamishe.

Aina ya ayoni huwahi moto wa miali, kama wa karatasi au mafuta. Godoro linalofuka polepole bila miali hugunduliwa mapema zaidi na aina ya mwanga. Ukiweza, funga zote mbili; kutegemea moja tu ni kuacha mlango mmoja wazi.

Kila mwezi bonyeza kitufe cha kujaribu na ukishikilie hadi kilie. Ujue kwamba kitufe hupima saketi na king'ora, hakithibitishi kwamba moshi unaweza kuingia. Kwa hiyo kila baada ya miezi sita pitisha mashine ya kufyonza vumbi kwa brashi laini kwenye matundu yake. Vumbi na wadudu huvuruga mkondo, kifaa kikalia ovyo au kikanyamaza. Usikipake rangi, na wakati wa ujenzi kifunike, kisha kumbuka kukifunua.

Mlio mmoja mfupi kila sekunde 30 hadi 60 ni betri inayokwisha. Mara nyingi huanza alfajiri, kwa kuwa baridi hushusha volti ya betri iliyochoka. Kama ni ya volti 9 inayobadilishwa, weka mpya kila mwaka, kisha jaribu tena. Mlio ukiendelea hata kwa betri mpya, toa betri, shikilia kitufe kwa sekunde 15 hivi ili chaji iliyobaki iishe, halafu irudishe. Bado kinalia? Angalia tarehe.

Tarehe ya kutengenezwa imeandikwa mgongoni. Ikishapita miaka 10, kibadilishe hata kama kinalia vizuri. Si kwamba amerisiamu imekwisha: nusu yake humeguka katika miaka 432, hivyo baada ya miaka 10 asilimia 98 ingali palepale. Vinavyochoka ni saketi na chemba, yaani kijumba chenye vile vibamba viwili, kilichojaa uchafu.

Darini kifaa hakimdhuru mtu. Chembe za alfa husimama baada ya sentimita chache za hewa, na karatasi moja huzizuia. Hatari ni kuimeza amerisiamu au kuivuta puani, kwa hiyo usifungue chemba, usiikwaruze wala usiichome. Kifaa kilichoungua kichukue kwa glavu, kiweke kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, nawa mikono. Cha zamani ambacho hakijavunjika kirudishe kwa mtengenezaji au fuata maelekezo ya mamlaka ya nchi yako kuhusu taka zenye mionzi, na siku hiyo hiyo funga kipya mahali pake.