Jinsi ya kupiga picha na maikroskopu ya mota bila kuvunja lenzi

Kila wakija vijana wa fildi hapa Kigoma naulizwa lilelile, kaka hii mashine inatumikaje, na wengi wakishaona steji (ile meza ya kuwekea slaidi) inatembea yenyewe wanadhani kazi imeisha, mtu anabonyeza tu afu anaenda zake kula migebuka Kibirizi. Sio hivo. Mota haina macho, ukiiambia ipande itapanda mpaka igote kwenye kitu, na hicho kitu mara nyingi ni kioo chako.

Mimi nilishavunja, sisemi kwa kusikia. Nilikuwa na sampuli ya planktoni (vile viumbe vidogo vinavyoelea majini) kutoka ziwani nimeiweka kwenye ile chemba ya kuhesabia ya Sedgewick-Rafter, inabeba mililita 1 na kina chake ni milimita 1 ya maji, juu yake kuna kifuniko cha kioo. Sasa lenzi ya 40 ya kawaida (inayokuza mara 40) inafokasi ikiwa karibu mno na kioo, mara nyingi haifiki hata milimita moja, kwa hiyo chini kabisa ya chemba haiwezi kufika hata ufanyeje. Nikaiwekea otofokasi, yaani mashine ijitafutie fokasi yenyewe, nikatoka nje kupokea simu, narudi nasikia kwa! Kifuniko vipande viwili na lenzi ina mkwaruzo mpaka leo. Tangu siku hiyo kitu cha kwanza ninachofanya ni kuweka limiti ya juu ya mota ya fokasi: unafokasi kwa mkono na lenzi yako ndefu kuliko zote, unaongeza kanafasi kadogo, afu unaiambia programu isivuke hapo. Na kwenye chemba nene tumia lenzi ya 10, au ya 20 yenye nafasi kubwa, 40 iache kwa slaidi ya kawaida yenye kavasilipu (kile kioo chembamba cha kufunikia) ya milimita 0.17.

Turudi nyuma kidogo. Maikroskopu ya mota ni maikroskopu ileile unayoijua, ila imeongezewa mota ya kusogeza steji kushoto kulia mbele nyuma, mota ya fokasi, na zingine zina mota ya kuzungusha lenzi, ya kubadili filta na ya kufungua na kufunga mwanga. Kati yake na kompyuta kuna boksi la kontrola. Ukinunua ya mtumba hakikisha hilo boksi lipo pamoja na nyaya zake na joistiki, maana mwili wa maikroskopu bila kontrola ni pambo la mezani. Cheki pia kama kontrola na kamera vipo kwenye orodha ya vifaa vinavyokubaliwa na Micro-Manager, hiyo ni programu ya bure inayoendesha vifaa vya kampuni tofauti, na picha zako utazichakata kwenye ImageJ au Fiji, nazo bure.

Ukiwasha kontrola, mara nyingi steji inakimbia mpaka mwisho wa reli yake kutafuta sifuri, kwa hiyo kabla ya kuwasha toa slaidi, zungusha lenzi fupi, shusha steji. Usiweke mkono.

Kinachofuata hakuna mota itakayokufanyia, ni kupanga mwanga kwa njia ya Köhler, yule Mjerumani August Köhler aliyeielezea mwaka 1893 na mpaka leo hatujapata ya kuizidi. Fokasi slaidi kwa lenzi ya 10. Bana tundu la mwanga la chini mpaka uone duara dogo, pandisha au shusha kondensa (ile lenzi ya chini ya steji inayokusanya mwanga) mpaka ukingo wa duara uwe mkali, lisogeze katikati kwa zile skrubu mbili, afu lifungue mpaka litoke nje kidogo ya picha. Tundu la kondensa liache wazi kama robo tatu hivi. Ukiruka hapa picha zako zitakuwa na kona nyeusi, na ukiunganisha picha mia mbili zenye kona nyeusi unapata sakafu ya vigae.

Kwenye kamera zima kila kitu kinachoitwa oto. Mwanga wa picha, geini (jinsi kamera inavyokuza mwanga), rangi nyeupe, vyote viweke mwenyewe kwenye sehemu safi ya slaidi na visibadilike tena mpaka umalize. Piga na picha moja ya sehemu tupu isiyo na kitu, utaitumia baadaye kusawazisha mwanga. Halafu piga picha ya ile slaidi ya rula, yenye milimita 1 iliyogawanywa mara 100, kila kamstari ni maikromita 10, kwa kila lenzi utakayotumia, bila hiyo huwezi kumwambia mtu mdudu wako ana urefu gani.

Sasa hesabu, na hapa ndo watu wanapolia. Chukua kamera ya pikseli 2448 kwa 2048, kila pikseli maikromita 3.45, adapta isiyokuza. Kwa lenzi ya 10 picha moja inaona kama milimita 0.84 kwa 0.71. Unataka eneo la sentimita 1 kwa 1, na picha zipandane asilimia 10 ili programu ipate pa kuziunganishia, unahitaji picha 224. Kila picha ya biti 16 ni kama megabaiti 10, jumla gigabaiti 2 na kitu, poa. Eneo hilohilo kwa lenzi ya 40 ni picha zaidi ya 3,300, gigabaiti 33, na hapo ni tabaka moja tu la fokasi, ukitaka matabaka matano zidisha mwenyewe halafu uangalie hiyo laptopu yako. Ushauri wangu piga ramani nzima kwa lenzi ya 10, chagua vitu vyako, afu irudishe mota kwenye hizo sehemu tu kwa lenzi ya 40.

Slaidi hailali sawa, hata uiweke vipi. Kwa sentimita moja inaweza kuinama maikromita 20, na lenzi ya 40 inaona kwa ukali kama maikromita moja na kidogo tu, kwa hiyo fokasi kwa mkono kwenye kona nne na katikati, weka alama hizo kwenye programu, yenyewe itakadiria mwinamo. Naiamini hii kuliko otofokasi, maana otofokasi ikikuta sehemu tupu inafokasi vumbi kwa raha zake. Na gia za mota zina mchezo, kama usukani wa bajaji ya zamani, ukirudi nyuma haifiki palepale, basi ikaribie kila sehemu kutoka upande mmoja. Zima pangaboi pia, meza ikitikisika picha inatikisika.

Planktoni hai wanakimbia, mota haitawakimbiza, wagandishe na Lugol (dawa ya iodini inayowaua na kuwahifadhi) kwanza. Ila kama unatafuta mwani na maikroskopu yako ina florisensi usiweke Lugol, tumia sampuli mbichi, piga mwanga wa bluu na klorofili yenyewe inawaka nyekundu bila rangi ya dukani, tamu sana kuangalia. Hapo mota ya shata, ile ya kufungua na kufunga mwanga, iwe inafungua mwanga wakati wa kupiga tu, mwanga ukikaa wazi mng'ao unafifia unauona.

Hifadhi TIFF, sio JPEG, na jina la faili liwe na tarehe, sehemu ulipochota maji na lenzi.

Umeme. Kontrola na kompyuta vyote viwe kwenye UPS, sio kompyuta peke yake, kwa sababu mota nyingi umeme ukikata zinasahau zilipo na namba zote za sehemu zako zinakuwa hazina maana. Mimi naweka vidoti vitatu vya kalamu pembeni ya slaidi, nasajili namba zake, umeme ukirudi navitafuta vile vidoti na najua nimehama kiasi gani. Mvua ya radi ikianza kunguruma upande wa ziwa, chomoa kabisa.

Ukimaliza, kama ulitumia lenzi ya oili, futa oili kwa karatasi ya lenzi, sio leso, shusha steji, rudisha lenzi fupi, funika. Unyevu wa hapa unaotesha kuvu kwenye lenzi, weka silika jeli (zile punje za kunyonya unyevu) ndani ya kifuniko, ikibadilika rangi ikaushe kwenye oveni ya maabara. Usiikaushe kwenye sufuria ya nyumbani, punje za bluu zina kobalti, ambayo ni sumu.