Namna ya kufundisha neema na hiari katika darasa la kipaimara

Huku Kilolo, katika madarasa yetu ya Kilutheri, swali la neema na hiari (uhuru wa mtu kuchagua) huja kila mwaka: "Mwalimu, kama Mungu ndiye anayeokoa, mimi nina kazi gani?" Mwalimu mwenzangu, usilikimbie.

Anza na sala. Waulize: tunapomwombea mjomba anayeshinda kilabuni kwenye ulanzi, tunaomba Mungu amfanyie nini? Watasema amguse, amgeuze moyo. Hakuna atakayeomba, "Bwana, mwache aamue mwenyewe." Basi wamekwisha kukiri kwamba neema hutangulia hata kutaka kwetu; Agostino, askofu na mwalimu wa Kanisa la kale, alitumia hoja hiyohiyo katika karne ya 5. Sasa uliza: mjomba akiondoka kilabuni, nani ameondoka? Ni yeye, kwa miguu yake. Hakuburutwa.

Ndipo mfungue Wafilipi 2:12-13. Mstari wa 12 peke yake huwatwika watoto mzigo, wa 13 peke yake huwafanya wabweteke, kwa hiyo isomwe yote miwili. Tutimize wokovu wetu, kwa maana Mungu ndiye atendaye kazi ndani yetu, kutaka kwetu na kutenda kwetu. Paulo hagawi kazi nusu kwa nusu, nawe usigawe.

Hapa pana mtoto wa kumwangalia sana: yule ambaye baba yake ameombewa na bado anakunywa. Tafadhali usimwambie sala zake zimepungua, wala kwamba Mungu hamtaki baba. Msomee 1 Timotheo 2:4, Mungu anataka watu wote waokolewe, kisha Mathayo 23:37, Yesu akiililia Yerusalemu iliyokataa kukusanywa. Kuokoka kunatoka kwa Mungu, kukataa kunatoka kwetu. Akikuuliza mbona mwingine huvutwa na mwingine hukataa, mwambie Maandiko hayakufungua mlango huo, na uendelee kuomba pamoja naye.

Historia ipite upesi. Pelagio, mwalimu wa wakati wa Agostino, alifundisha kwamba mtu anaweza kutenda mema kwa nguvu zake. Mtaguso (mkutano wa maaskofu) wa Karthago ukayakataa mafundisho hayo mwaka 418. Erasmo, msomi Mkatoliki, aliitetea hiari mwaka 1524, Luther akamjibu kwa kumpinga mwaka uliofuata.

Wenye ndugu Wakatoliki kule Tosamaganga watauliza tunatofautianaje. Waeleze kwamba tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Walutheri na Wakatoliki walitia saini tamko la pamoja: Mungu hutukubali kwa neema pekee, si kwa stahili yetu. Kuhusu hiari bado tunaeleza tofauti, usiwafiche. Wakariri kwanza maelezo ya sehemu ya tatu ya Imani, ile ya Roho Mtakatifu, katika Katekisimo Ndogo ya Luther, kisha wamuulize ndugu huyo yeye alifundishwaje, na majibu wayalete darasani.