Jaketi na hudi zenye nembo kwa biashara ya kutembeza mbwa Nairobi: chagua hivi kabla baridi ya Juni haijafika

Kama unatembeza mbwa za watu Karen, Runda, Lavington ama Kileleshwa, hii baridi ya Juni hadi Agosti unaijua, jua halionekani, manyunyu yanaanza ukiwa tu umetoka geti, na nyasi zimelowa umande hadi magotini. Nairobi iko juu, zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, ndio maana usiku wa Julai joto linashuka hadi nyuzi 11 ama 12 hivi na hata mchana ni kama 21 tu. Sasa wengi wakianza biashara wanakimbilia hudi nyeusi ya pamba, wanachapa nembo kubwa mgongoni, basi, wamemaliza. Mimi nasema angalia kazi kwanza, nembo ifuate, maana jaketi isiyofaa kazini mfanyakazi wako ataiacha nyumbani avae ya kwake na hapo nembo umelipia bure.

Tuanze na kitambaa kwa sababu hapo ndio pesa nyingi hupotea. Pamba ikilowa inakaa na maji, inakuwa nzito na inakugandisha, kwa hivyo tafuta polyester ama mchanganyiko wenye polyester nyingi, inakauka haraka. Halafu kuna kitu wauza nguo hawatakuambia: nje iwe laini ya kuteleza, joto likae ndani. Flisi yenye manyoya nje ni tamu kushika lakini tembea nayo na husky ama German Shepherd asubuhi moja tu uone, nywele zinaingia ndani kabisa ya kitambaa na hata ukipiga brashi hazitoki zote, na mbwa akikurukia kucha zake zinavuta nyuzi. Ile jaketi inaitwa softshell, nje imebana haipitishi upepo na ndani ina flisi nyembamba, ndio mimi naipendelea kuliko zote kwa hii kazi. Ukiamua lazima iwe hudi, uliza uzito wa kitambaa, gramu 280 hadi 320 kwa mita mraba inatosha, chini ya hapo upepo unapita tu.

Lakini usimvalishe mtu nguo moja nzito. Saa moja asubuhi anatetemeka, ikifika saa nne ameshavutwa na mbwa watatu juu ya mlima na jasho linamtiririka, so mpe tisheti ya polyester ya mikono mirefu, jaketi lisilo na mikono la kuweka kifua joto, na koti jepesi la mvua la kukunja. Na nembo iwe hata kwa hilo koti la mvua, kwa sababu mvua ikinyesha hilo ndilo askari wa geti analiona, na askari ndiye anayeamua kama unaingia sasa ama unangoja apige simu.

Kabla hujalipa, vaa hiyo jaketi ukunjekunje mikono usikie sauti yake. Nailoni ngumu inalia chwaka chwaka kila hatua na mbwa mwoga, hasa yule ametolewa kwa makao ya mbwa juzi tu, anashtuka anavuta kamba. Kamba za kofia nazo zitoe kabisa, mtoto wa mbwa akiziona zinaning'inia ameshaanza kuzing'ata. Kofia yenyewe ikimfunika mtu uso mbwa wengine humbwekea kama mgeni, afadhali mavini, ile kofia ya kubana kichwa, ya kufunika masikio.

Mifuko! Msitu wa Karura mbwa wanaruhusiwa wakiwa kwa kamba, na ndivyo unavyotembea karibu kila mahali, maana yake mikono yako haiko huru. Unahitaji mfuko mmoja wa zipu wa funguo za mteja, zikianguka msituni hizo ni kufuli mpya na jina limeharibika. Mwingine wa mifuko ya kuokotea kinyesi, na mwingine wa biskuti za mbwa, huo uweze kupinduliwa nje uoshwe la sivyo utanuka wiki nzima.

Rangi, nyeusi inaonyesha nywele nyeupe, nyeupe inashika ule udongo mwekundu wetu na hautoki. Kijivu cha wastani ama kijani iliyokolea inabeba vyote viwili vizuri. Suruali ndio iwe khaki hafifu, kupe akipanda kutoka kwa nyasi unamwona mapema. Kaa mbali kabisa na jungle, ile nguo ya madoadoa ya wanajeshi, Kenya raia haruhusiwi kuivaa, na usichague rangi zinazofanana na za kampuni ya ulinzi ya mtaa huo. Ongeza mstari wa reflekta mgongoni na mikononi, kwa sababu Julai jua linachomoza kama saa kumi na mbili na nusu na wateja wengi wanataka mbwa watoke kabla hawajaenda kazini.

Sasa nembo. Kudarizi hudumu kuliko kuchapa na inapendeza kwa softshell na flisi, kifuani kushoto, upana wa sentimita 8 hadi 10. Herufi ndogo chini ya milimita 5 hazisomeki zikidariziwa, kwa hivyo acha ile kauli ndefu, weka jina tu. Koti la mvua usilidarizi, sindano inatoboa na maji yanaingia, hapo chapa, na mwambie fundi ajaribu joto la mashine kwa kipande kwanza maana nailoni inayeyuka. Bei ya kudarizi hufuata idadi ya mishono pamoja na ada ya kutengeneza faili ya nembo inayosomwa na mashine ya kudarizi, mara ya kwanza, omba upewe hiyo faili (huitwa DST) ukae nayo ili usilipe tena kwa fundi mwingine. Namba ya simu iende mgongoni, kubwa, isomeke kutoka ng'ambo ya barabara.

Mtumba wa soko la Gikomba ama Toi ni sawa kabisa kama uko peke yako, unapata jaketi nzuri sana, ila kagua ndani ya makoti ya mvua, kama ule utando wa ndani wa kuzuia maji unanata ama unabanduka achana nayo. Mkiwa watatu kwenda juu nunua mpya, kwa mtumba hutapata rangi moja kwa wote.

Agiza Aprili, kwanza sampuli moja, ioshe mara kadhaa bila sofuna, ile dawa ya kulainisha nguo, uone nembo inakaaje, ndio utoe oda yote. Na ongeza mbili tatu za akiba saizi za kati, kwa sababu kitambaa cha roli nyingine mara nyingi hutoka na rangi tofauti kidogo na mfanyakazi mpya atasimama na wenzake akionekana ni wa kampuni ingine.