Namna ya Kulinganisha Hatari za Kiafya na za Mtindo wa Maisha kati ya Maeneo Mawili Jirani

Kazi hii huanzia kwenye ramani. Chora mipaka ya kila eneo kama ilivyotumika katika sensa, kwa sababu idadi ya wakazi utakayogawanyia lazima iwe ya watu wale wale unaowahesabu. Wengi hupotea mapema hapa: huchukua daftari la zahanati na kuhesabu wagonjwa wote walioandikwa humo, ilhali baadhi yao wamevuka barabara tu kutoka eneo la pili. Mgonjwa ahesabiwe anakoishi, si anakotibiwa. Fahamu pia kwamba eneo lenye vituo vingi vya upimaji huonekana kuwa na wagonjwa wengi zaidi, hata pale ambapo majirani wake wanaugua vivyo hivyo bila kupimwa.

Geuza idadi kuwa viwango, kwa mfano wagonjwa kwa kila wakazi 1,000, na usichanganye walioanza kuugua mwaka huu na wote wanaoishi na ugonjwa huo.

Hatua inayorukwa mara nyingi kuliko zote, nami naiona ndiyo kiini cha kazi nzima, ni kusawazisha umri. Tuseme kila eneo lina watu wazima 1,000, na kwamba katika maeneo yote mawili shinikizo la juu la damu huwapata asilimia 10 ya walio chini ya miaka 50 na asilimia 40 ya waliofikisha umri huo au kuupita. Eneo la kwanza lina vijana 700 na wazee 300, hivyo lina wagonjwa 190. La pili lina vijana 300 na wazee 700, hivyo lina wagonjwa 310. Mtu atasema haraka kwamba asilimia 31 dhidi ya 19 ni tofauti kubwa ya mtindo wa maisha, kumbe ni umri peke yake. Tumia viwango vya kila rika kwa idadi moja ya mfano, mathalani vijana 500 na wazee 500, na maeneo yote mawili yatatoa asilimia 25.

Kuhusu mtindo wa maisha wenyewe, tumia dodoso moja, msimu mmoja na wadadisi waliofunzwa pamoja. Mpango wa STEPS wa Shirika la Afya Duniani unafaa kuigwa: huanza na maswali kuhusu tumbaku, pombe, ulaji wa matunda na mboga, na mazoezi ya mwili, hufuata vipimo vya urefu, uzito, kiuno na shinikizo la damu, na mwisho vipimo vya damu, kama vile sukari. Shinikizo hupimwa mara tatu mtu akiwa ametulia, kisha huchukuliwa wastani wa vipimo viwili vya mwisho. Usiulize tu kama mtu "anafanya mazoezi", kwa kuwa anayebeba mizigo kutwa atajibu hapana. Uliza dakika za kazi nzito, za kutembea na za michezo.

Kabla ya kutangaza tofauti yoyote, tazama ukubwa wa sampuli. Ukipima watu 100 waliochaguliwa kwa bahati nasibu na kukuta 20 wana tatizo, kiwango halisi chaweza kuwa popote kati ya takriban asilimia 12 na 28. Kwa watu 400, wigo huo hupungua hadi takriban 16 na 24.

Ujirani una faida yake, nayo ni kwamba hali ya hewa na mambo mengine mengi hufanana, hivyo kinachotofautiana hujitokeza. Mwaka 1854, daktari Mwingereza John Snow alilinganisha nyumba za kusini mwa London zilizopata maji kutoka kampuni mbili, mara nyingine katika mtaa mmoja. Zilizohudumiwa na Southwark and Vauxhall, iliyochota Mto Thames palipochafuliwa na majitaka, zilikuwa na vifo 315 vya kipindupindu kwa kila nyumba 10,000. Za Lambeth, iliyokuwa imehamishia uchotaji wake sehemu ya juu ya mto, kabla ya kufikia majitaka hayo, vifo 37. Kwa hiyo orodhesha yanayotofautiana kati ya maeneo yako, kama chanzo cha maji, kipato, moshi na njia za kutembelea kwa miguu, kisha rudi kwenye kaya uone kama walioathirika ndio hasa waliokumbwa na jambo hilo, kwa sababu wastani wa eneo hausemi lolote kuhusu mkazi mmoja mmoja.